Kimya cha Kifo pale Kelderby

17 Oktoba 1971

Mjomba Wilf,

Shikamoo. Kabla hujauliza: ndiyo, nakula, ndiyo, soksi za sufu nimezivaa, na hapana, sijapata mchumba wa Kusini. Mama ameniandikia kwamba goti linakusumbua tena na bado unapanda ngazi za ghala na gunia la unga begani. Mjomba, una miaka sitini na mitatu. Magunia hayana shukrani.

Huku mvua ya kinyonge tu, hainyeshi wala haiachi. Chai yao ni maji yaliyopitishwa karibu na majani. Chumba changu kina dirisha linaloangalia ukuta, na ukuta wenyewe ni wa kihistoria, kwa hiyo kodi iko juu.

Masomo yanaendelea vizuri. Tunasoma mashairi na michezo ya kuigiza ya zamani, tangu enzi zile mafundi wanaigiza juu ya mikokoteni hadi enzi za majumba ya michezo na mabwana wenye kola za kukunjwakunjwa. Wenzangu wametoka shule kubwa kubwa, beti hizo wanazitamka utadhani walizaliwa nazo. Mimi nikifungua kinywa wanageuka kuangalia nani kaleta ng'ombe darasani.

Sasa neno lililonileta. Wiki iliyopita mwalimu wetu, Dokta Pinnock, alitueleza jinsi waigizaji wa kale walivyopewa maneno yao. Kunakili kwa mkono ni kazi na karatasi ilikuwa ghali, basi kila mtu alipewa sehemu yake peke yake, vipande vimeshonwa pamoja vikakunjwa gombo. Mchezo mzima hakuna aliyekuwa nao. Akasema desturi hiyo ilikufa zamani, na magombo yaliyobaki ni ya kuhesabu kwa vidole. Mjomba, nilikaribia kunyoosha mkono niseme moja liko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati la mjomba wangu. Nashukuru niliumeza ulimi.

Nakuomba uniazime gombo lako la Kifo, lile unaloigizia kila Juni kwenye mkokoteni wa Waokaji. Nitalinakili na kulirudisha kwa posta ya rejista ndani ya wiki moja. Ni kwa insha ndogo tu.

Mpwa wako,
Hester


Kelderby, 2 Novemba 1971

Hester mpwa wangu,

Marahaba. Goti ni langu na ngazi ni zangu, mwambie mama yako aangalie sufuria zake. Hapa sote wazima. Mama yako mlango wake ameupaka rangi ya kijani cha chura, majirani wanapita wamefumba macho. Enoch Barraclough amechaguliwa tena mwenyekiti wa Chama cha Waokaji kwa kura nyingi, yaani ya kwake na za wanaomwogopa. Nimekutumia keki ya tangawizi. Iache koponi siku tatu kabla ya kuikata, na usiwape hao wenye matamshi mazuri.

Gombo: hapana.

Wewe si mgeni wa mji huu. Gombo husomwa na mwenye sehemu yake peke yake, na siku akimpa mtu mwingine, basi na sehemu kampa. Hakuna kuazima, hakuna kunakili, hakuna kuchungulia. Mama yako amelelewa nyumba moja na lile kopo na hajapata kulifungua, naye ni mtu aliyewahi kufungua barua za padri. Barraclough anaigiza Mwokaji mwaka wa kumi na tisa huu, nasimama naye kwenye mkokoteni mmoja kila Juni, na sijui gombo lake limeandikwa kwa wino gani. Hata mazoezi ya pamoja hatufanyi. Kila mtu anajifunza lake kwake, tunakutana juu ya mkokoteni, mambo yanakwenda.

Halafu nikwambie, hata ningekuonyesha usingepata kitu. Fahari ya Kifo wetu haimo kwenye maneno, imo kwenye kile kimya. Namjia Mwokaji, ananiomba ningoje unga uumuke, nangoja. Naketi pale mezani, na mji mzima unanyamaza nami, wanaume wanavua kofia. Neno moja hapa, kimya. Neno moja pale, kimya. Watu wanapanda treni kutoka Hull kuja kusikiliza Sugden akinyamaza! Baba yangu alinyamaza vizuri, na babu alimshinda baba. Sasa hilo utaliandikaje kwenye insha?

Halafu insha ndogo haimfanyi mtu aombe kitu anachojua atanyimwa. Kuna nini huko?

Mjomba wako,
Wilf Sugden


5 Desemba 1971

Mjomba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limetulia. Keki niliiacha siku mbili, nikashindwa. Samahani. Kipande kimoja nilimpa Dokta Pinnock, akafumba macho akauliza nani kaoka, nikasema mjomba wangu, akasema mjomba wako ni mtu wa maana. Sikubishana naye, ni mwalimu.

Umeniuliza kuna nini. Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana.

Mjomba, nafeli. Insha yangu ya kwanza ilipata alama ambayo sitaitaja, na ya pili ikapata chini ya hiyo. Dokta Pinnock aliniita akaniambia, "Hester, unaandika kama mtu anayeomba radhi kwa kuingia nyumba ya watu." Wamenipa nafasi moja. Kufikia siku ya mwisho ya Aprili niwe nimetoa insha ndefu, kuhusu kitu ambacho wengine hawajakimaliza kwa maneno, na iwe nzuri. Isipokuwa nzuri, nafasi yangu hapa imekwisha, narudi Kelderby kuuza mikate. Sidharau mikate, unajua. Lakini nayapenda haya mashairi, Mjomba. Nikiyasoma peke yangu chumbani kwa sauti ya nyumbani kwetu yanafunguka yote. Mafundi walioigiza kwenye mikokoteni walisema kama mimi na wewe, si kama hawa wa darasani. Shida yangu ni kuyaeleza mbele za watu.

Kitu pekee ninachokijua na ambacho wao hawakijui kiko juu ya kabati lako. Sitakuomba tena. Nimesema tu kwa kuwa umeuliza.

Krismasi sitakuja, nimepata kibarua posta. Tafadhali usimwambie Mama.

Hester


Kelderby, 16 Januari 1972

Hester,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshachakaa. Theluji ilianguka siku mbili, tukapata wateja wachache na malalamiko mengi. Mama yako hajambo, ameuliza mara mbili mbona hukuja, nikamwambia posta wanalipa vizuri msimu huu. Sasa mimi ni mwongo kwa ajili yako, na Jumapili padri alinitazama sana.

Barua yako nimeiweka mfukoni wiki sita. Imeingia unga mpaka haisomeki, lakini naijua kwa moyo.

Nisikilize. Sheria inakataza kuonyesha gombo. Haikatazi mzee kunung'unika, na mimi nina manung'uniko ya miaka ishirini na sita. Basi ninung'unike.

Nanung'unikia wino mwekundu. Maneno yangu yameandikwa kwa wino mweusi, na kabla ya kila neno langu kuna maneno mawili matatu mekundu. Mengi ni ya Barraclough: yeye akiyasema, mimi najua zamu yangu imefika. Hayo sina ugomvi nayo. Lakini pale katikati, penye kimya, kuna mekundu mara saba ambayo hayasemwi na mtu yeyote. Baba alinifundisha kwamba hayo ni maneno ya pumzi: unayasoma moyoni polepole, unavuta pumzi, ndipo unasema lako. Kimya chetu kinapimwa hivyo, ndiyo maana ni kizuri. Lakini maneno yenyewe ni ya ajabu, na nikisema yangu watu wanacheka, wanadhani Kifo kazeeka anaongea peke yake.

Kwa mfano nyekundu inasema "miguu yako michafu," halafu mimi nasema, "Nimetoka mbali." Nyekundu, "utakula ukisifu", mimi, "Siku hizi sina hamu." Nyekundu, "mume wangu anakanda", mimi, "Basi nitangoja."

Sasa ni mtu gani mwenye akili anapumua kwa maneno kama hayo? Ndilo nung'uniko langu, na nimelimaliza. Choma barua hii.

Mjomba wako


21 Januari 1972

MJOMBA!

Shikamoo na mengine yote, hujambo, sijambo, Mama hajambo, mvua inanyesha. Sikuichoma. Nilikimbia nayo uani nimevaa ndala, nikamgongea Dokta Pinnock akiwa anakula yai la kuchemsha. Nilimfunikia karatasi yote kwa mkono, nikamwonyesha ile mistari ya wino mwekundu tu. Yai lilipoa. Halafu Dokta, mama mwenye shahada tatu, aliipiga meza kofi akasema neno ambalo Mama angemwosha kinywa kwa sabuni kwa ajili yake.

Si maneno ya pumzi, Mjomba! Ni yaleyale kama ya Barraclough. Ni mwisho wa maneno ya mwigizaji mwenzako, ili ujue zamu yako imefika. Mtu alikuwa anasimama pale. Mtu alikuwa anakutazama miguu, anakukaribisha mkate, anakwambia "mume wangu anakanda." Ni mke wa Mwokaji! Kumbe Kifo haongei peke yake, anajibu. Yule mama alikuwa anampigisha gumzo Kifo ili unga uumuke na mumewe apate muda!

Gombo lake limepotea. Labda waliokuwa nalo walihama, au walikufa wote mwaka mmoja wa maradhi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mchezo mzima, hakuna aliyejua alichokuwa anasema. Juni ikafika, mkokoteni ukatoka, Kifo akasimama pale akangoja maneno ambayo hayakuja. Akaona aibu kusimama bure, akasema yake. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Na sisi tukavua kofia.

Nimecheka mpaka nimelia. Kelderby nzima, mamia ya miaka, tunaheshimu nafasi ya mwanamke aliyekosekana!

Kwa insha nahitaji zote saba, na jinsi zilivyoandikwa. Dokta anasema bila gombo lenyewe ni hadithi tu ya mjomba na mpwa. Tafadhali, Mjomba, nung'unika zaidi.

Hester wako mwenye furaha


19 Februari 1972

Mjomba mpendwa,

Sijui kama barua yangu ya Januari ilifika. Huku umeme unakatwa kila siku kwa ajili ya mgomo wa migodi, tunasoma tumevaa makoti, mishumaa imeadimika madukani. Nawaza tanuri lako la umeme. Mama anasema umerudia lile la makaa la zamani na mkate umekuwa mtamu zaidi. Anasema pia kwamba husemi na watu.

Nimeisoma nakala ya barua yangu. Nimeona nilipoandika "nimecheka." Sikufikiri. Ulikuwa umeniambia kwamba kile kimya ni fahari ya baba yako na babu yako, na mimi nikakifanya kichekesho. Mdomo wangu una mbio kuliko akili, nimerithi kwa Mama.

Kama hutaki tena habari hii, nitaiacha. Nitaandika juu ya kitu kingine. Niandikie hata mstari mmoja wa kunitukana.

Hester


Kelderby, 12 Machi 1972

Mpwa wangu,

Barua zote zimefika. Posta ya Kelderby haina kosa, kosa ni langu. Hatujambo. Umeme umerudi na makaa nimeyapenda upya. Mama yako anakusalimu, kanunua kofia.

Niliumia, Hester. Siwezi kukuficha. Si kwa kicheko chako, ungecheka nini kama si hicho, mimi mwenyewe siku ya pili nilicheka peke yangu ghalani. Niliumia kwa sababu nilikwenda nikalitoa gombo nikalisoma lile zungumzo lote kwa sauti, nyekundu na nyeusi, na ikawa dhahiri kama mchana. Miaka ishirini na sita yule mama ananiuliza maswali. Nimeyasoma moyoni mwangu kila Juni na sikuwahi kumsikia. Baba naye hivyo hivyo, na babu. Tumejisifu kwa kumnyamazia mwanamke anayetukaribisha chakula. Nilijiona mpumbavu, na mtu wa miaka sitini na mitatu akijiona mpumbavu huchukua muda kuzoea.

Basi Alhamisi kulikuwa na kikao cha Chama. Nikasimama nikasema nataka kumtaja mrithi wa gombo langu, ni Hester Lumb, binti wa dada yangu.

Barraclough akaweka kikombe chini. "Kifo havai sketi, Wilf."

"Kifo huvaa shuka, Enoch. Umesimama naye miaka kumi na tisa, ulikuwa unaangalia nini?"

"Sheria inasema mtoto wa kiume."

"Isome."

Akaenda kabatini, akalitoa daftari la sheria, akavaa miwani, akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Imeandikwa "mtu wa damu yake," basi. Nikamwambia, "Damu ya dada yangu Dorothy unaijua, ulimchumbia ukakataliwa." Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Barraclough mwenyewe alicheka, mwisho, kwa shida.

Kwa hiyo gombo ni lako, limo humu ndani, nimelifunga kwa kitambaa cha kufunikia unga, kimefuliwa. Si la kuazima. Ni lako, na Juni mosi wewe ndiye Kifo. Hakuna atakayesema umechungulia. Andika insha yako, andika vizuri, usimwombe mtu radhi.

Usinishukuru. Ukinishukuru nitalia, na unga una chumvi ya kutosha.

Wilf Sugden, mwokaji tu


3 Mei 1972

Mjomba wangu,

Shikamoo, na kama ulivyoagiza, sikushukuru. Nimekula vizuri, nimelala vibaya, nimepungua kidogo lakini usimwambie Mama.

Insha imeingia Ijumaa ya tarehe ishirini na nane, kurasa sitini na moja. Niliiandika kwa siku kumi na tisa, na zote saba nyekundu zimo. Nilipofika sehemu ya kueleza jinsi maneno yanavyopaswa kusikika, niliandika wazi kwamba mimi natoka huko, kwamba ndivyo tunavyosema nyumbani, na asiyeamini apande treni. Majibu bado. Dokta Pinnock hasemi kitu, ila jana alinikaribisha yai la kuchemsha.

Sasa nakugombeza. Mama ameniandikia. Anasema tangu ulipotuma lile gombo hujakanyaga Chama, na kwamba kila Alhamisi jioni, saa ya kikao, unaoka mikate ambayo hakuna aliyeiagiza, halafu unamgongea mlango wake wa kijani kumpelekea. Ana mikate kumi na minne. Mjomba, ulinipa sehemu yako. Mimi nilikuwa nataka kunakili tu, na wewe ukajivua kabisa ili nisifukuzwe shule. Nilipolifungua lile gombo nilifurahi nusu saa, halafu nikakaa kitandani nikaona nilichokunyang'anya.

Basi nimefanya jambo. Nimemwandika yule mama.

Dokta anasema wasomi hawajazi tundu, wanalieleza tu. Nikamwambia kwenye insha nimeliacha tundu lilivyo, lakini mkokoteni si insha. Nimemtungia kwa mtindo wa wenzake wa zama zile, na kila anapomaliza, anamalizia kwa yale maneno mekundu uliyonipa. Anaanza hivi, Kifo akiwa mlangoni:

Keti hapo pumzika, safari yako ni ndefu,
Unga haujaumuka, nawe usitie hofu,
Viatu vimechanika, miguu yako michafu,
Mkate ukiokeka, utakula ukisifu.

(Najua, nimekutanisha nyekundu mbili kwenye ubeti mmoja. Baada ya mstari wa tatu Kifo anamkatiza, halafu mama anaendelea bila kumjali. Nadhani ndivyo alivyokuwa.)

Gombo lake nimelinakili kwa wino mweusi, nimelishona mwenyewe, limeshonwa vibaya, limo humu. Mwigizaji wake ni lazima awe mtu anayejua kila pumzi ya Kifo wa Kelderby. Namjua mmoja tu. Kitambaa cha kichwa Mama atakuazima.

Hester


Kelderby, 10 Mei 1972

Hester,

Hatujambo. Mama yako hana mikate kumi na minne, ana tisa, mitano ameila.

Mimi nivae kitambaa cha kichwa? Mbele ya mji mzima, mbele ya watu wa Hull? Niitwe mke wa Enoch Barraclough? Dada yangu alimkataa mtu huyo kwa akili timamu, leo mimi nimkubali?

Nimempelekea Barraclough habari hii ili aikatae. Nilitegemea hivyo. Badala yake akasema, "Wilf, miaka kumi na tisa nasimama pale na unga mkononi nikikusikiliza unajibu hewa, na kila mwaka nawaza, huyu bwana anaongea na nani." Akasema Chama hakitapinga. Akauliza kama mke wake atakuwa ananyoa ndevu.

Sijakubali. Nimejifunza nusu.

W.


8 Juni 1972

Mjomba,

Nimefika salama, treni ilichelewa, pai yako ya nguruwe iliisha kabla ya Doncaster. Mtihani wa mwisho ni Jumatatu, kwa hiyo nilipaswa kuwa ninasoma, lakini mkono unakataa kuandika kitu kingine kabla ya hiki.

Kwanza habari: insha imepita. Imepita sana. Nabaki mwaka mzima ujao, na Dokta Pinnock anataka niisome mbele ya wasomi wengine. Mchezo wetu aliuona wote, ndiye yule pale mbele mwenye kofia ya mvua, aliyekula mikate mitatu ya mkokoteni na kuuliza kama upo wa nne. Mwambie Mama kila kitu sasa, hata zile alama za mwanzo. Atanigombeza, kisha atanunua kofia nyingine.

Sasa tuzungumze, mimi na wewe, kuhusu Alhamisi iliyopita.

Nilipanda mkokotenini nimevaa shuka lako. Barraclough akaniomba ningoje unga uumuke. Nikaketi. Kofia zikavuliwa, uwanja mzima, kama kila mwaka, na kukawa kimya mpaka nikasikia bendera zikipigwa na upepo. Halafu ukatoka wewe nyuma ya pazia na kitambaa cha Mama cha maua, ukasema "Keti hapo pumzika." Mjomba, sijawahi kusikia mji ukishtuka. Kuna mzee mmoja aliirudisha kofia kichwani, akaivua tena, hakujua afanyeje.

Beti zangu ulizisema vizuri kuliko nilivyoziandika. Sita nyekundu zilikuja barabara, nami nikajibu. Ikabaki ya saba, "mume wangu anakanda." Nikavuta pumzi kungoja. Na wewe hukuisema.

Ukasogeza kigoda, ukaketi, ukaniuliza kama huko nitokako nalala vizuri. Hilo silo nililoandika! Nikangoja. Ukauliza mama yangu namwandikia mara ngapi. Watu wakaanza kucheka. Ukauliza kama kazi hii ya kuchukua watu inanipa hata siku ya kupumzika, ukasema nimekonda, ukamwita Barraclough aje aone nilivyokonda. Barraclough, ambaye hakuwa na neno hata moja pale, alikuja akanitazama, akatikisa kichwa akarudi kwenye unga! Ukanisimulia goti lako. Ukaniuliza nina mchumba. Mimi ni Kifo, siwezi kusema kitu mpaka nisikie nyekundu yangu, nimekaa pale nauma shuka nisicheke, machozi yananitoka. Mkate umeiva, harufu imejaa uwanja mzima, watu wameshikana mabega kwa kicheko, na wewe bado unaniuliza habari za soksi. Nilihesabu kwa saa ya kanisa. Dakika kumi na moja!

Mjomba, ulisahau maneno, au ulikusudia?

Mpwa wako na Kifo wako,
Hester


Kelderby, 13 Juni 1972

Hester,

Hongera, mwanangu. Mama yako amelia, amegomba, amekwenda dukani.

Nilikusudia. Miaka ishirini na sita yule mama amesimama pale bila kusema neno, ulidhani atamaliza kwa nyekundu saba?

Mjomba wako,
Wilf Sugden,
mke wa Mwokaji